Čmuchal Dhidi ya Jitu

Jumatatu, 4 Septemba 2006

Siku kubwa! Saa tatu kamili asubuhi nimemzindua Čmuchal, mtambo wa kwanza wa kutafuta mambo kwenye intaneti uliotengenezwa hapa mjini Zábludov, kwa ajili ya watu wa Zábludov. Čmuchal, yaani Mnusaji! Jina nimelibuni mwenyewe, bafuni. Makao makuu: chumba cha kufulia nyuma ya nyumba yetu.

Hoja yangu ni hii. Jitu la ng'ambo (jina lake halitaandikwa ndani ya shajara hii) linajua kila kitu duniani isipokuwa sisi. Kicheki halikijui. Neno letu moja hubadili mkia mara saba kufuatana na kazi yake kwenye sentensi. Ukiliuliza Jitu kwa mkia usio wake, linakupeleka Slovakia. Pengo hilo limeonwa na mimi, Květoslav Pazdera, miaka arobaini na saba, muuza mashine za kufyonza vumbi aliyestaafu kwa hiari ya mwajiri.

Saa nne, jaribio la kwanza. Nikaandika: daktari wa meno. Čmuchal akawaza. Akawaza tena. Akaleta jibu moja. Picha ya mbuzi.

Nikampigia simu Radim, mwanafunzi wa Brno aliyeniandikia programu. Akapokea akiwa Ireland. Akasema kwa adabu sana kwamba tangu Ijumaa ameajiriwa na Jitu, na kwamba chakula cha mchana ni bure. Nikamuuliza habari za mbuzi. Akasema mbuzi ni tatizo linalojulikana.

Msaliti!

Jioni, baa. Škrabal alikuwepo. Škrabal ana duka la simu karibu na kanisa, na tangu darasa la pili amekuwa akinishinda kwa bahati tu. Akapanda juu ya benchi na kuuliza mbele ya wote kama Injinia Pazdera anaweza kumtafutia funguo za gari lake. Vicheko. Halafu akajigamba kwamba kila Jumatano anawafundisha wastaafu kutumia Jitu, na Jitu huleta majibu milioni mbili kwa nusu sekunde. Nikamjibu kwamba mimi naleta moja tu, lakini la uhakika.

Nadhani nilimkata maini. Mbuzi sikumtaja.

Jumanne, 5 Septemba

Mke wangu Radmila amerudi kutoka posta na habari. Amezungumza na binamu yake wa kiwanda cha matango ya siki. Nafasi ipo: mkaguzi wa vifuniko. Inaanza Jumatatu tarehe 18. Hata koti jeupe la kazi amekuja nalo, amelitundika mlangoni ili nilione nikiingia na nikitoka.

Akasema, "Květoš, mwaka jana ilikuwa konokono. Mwaka juzi ilikuwa saa za mbao. Safari hii nakuomba tu, vaa koti."

Nikamwambia apime mwenyewe: anataka mume wa matango au mume wa historia? Akasema wa matango. Hakuwaza hata kidogo.

Lakini tumeafikiana! Nikipata mteja mmoja mkubwa kabla ya tarehe 18, koti linarudi kiwandani.

Nikaenda mbio kwa meya. Mheshimiwa Otradovec anafungua kompyuta nne mpya za maktaba Jumapili tarehe 17, siku ya hody, sherehe yetu ya mwaka, na kompyuta hizo zinahitaji ukurasa wa kuanzia. Nikakuta Škrabal amekwisha kaa ofisini, anakunywa kahawa ya meya, analisifia Jitu. Nikasema Čmuchal ni mtoto wa nyumbani. Škrabal akasema mtoto wa nyumbani bado hajaota meno. Meya anapenda sana mambo yanayofanyika jukwaani, akapiga meza: basi tuwashindanishe! Jumapili, ukumbi wa wazimamoto, mbele ya watu wote. Maswali atauliza yeye mwenyewe.

Nikakubali kwa sauti kubwa. Nilipofika ngazini nikamkumbuka mbuzi.

Jumatano, 6 Septemba

Nimeokoka! Na aliyeniokoa ni mama mkwe. Sikutegemea kuandika sentensi hiyo maishani.

Ilikuwa hivi. Asubuhi tunakunywa kahawa. Mama Drahomíra anakaa ghorofa ya chini, lakini kahawa hunywa kwetu. Radmila akashika shavu, jino linamuuma. Mama, macho kwenye kikombe, akamwambia daktari wa meno yupo kesho, amerudi kutoka Kroatia jana, mwekundu kama kaa, mkewe hakurudi naye, kwa hiyo Radmila aende asubuhi maana mchana mikono inamtetemeka.

Kijiko kilinidondoka. Sekunde nne! Bila programu, bila umeme! Miaka ishirini na miwili naishi juu ya mtambo wa kutafuta, na siku zote kazi yangu ilikuwa kuukimbia.

Kufikia saa sita nimeajiri watatu. Mama Drahomíra, mkuu wa kitengo. Bi Apolena, aliyepeleka barua mjini humu miaka thelathini na minane, anajua kila mlango na nani alimwandikia nani. Na Bi Zdislava, mwalimu mstaafu, aliyemfundisha kusoma na kuandika kila mtu Zábludov: mimi, Škrabal, hata meya. Masharti yao mawili. Kwanza, sinia la koláče kila siku, maandazi yetu ya kuokwa, za jibini na za plamu. Pili, saa nane hadi saa tisa hakuna kazi, ni wakati wa tamthilia ya Venezuela. Nimekubali yote.

Utaratibu: swali linatokea kwenye skrini. Mama na Bi Apolena wanajadiliana. Bi Zdislava anaandika wanachosema, kwa kidole kimoja. Mwenye swali haoni chochote ila maneno "Čmuchal ananusa..." Pazia la dirisha nimelishusha. Radmila nimemwambia wanachambua manyoya ya bata ya kujazia mito.

Je, ni udanganyifu? Nimejiuliza kwa dakika nzima. Hapana. Ndani ya Jitu nani amewahi kuingia akaona? Pengine nalo limejaa vikongwe.

Alhamisi, 7 Septemba

Maswali thelathini na moja! Yaliyojibiwa: kumi na mawili. Yaliyorudishwa kwa sababu ya makosa ya tahajia: kumi na tisa.

Nimezungumza na Bi Zdislava. Nimemweleza kwamba mteja ni mfalme. Akasema mfalme naye ajifunze kuweka mkato. Mtu mmoja wa mtaa wa kinu bomba limepasuka, anauliza fundi. Akaambiwa aandike upya, na safari hii aanze na herufi kubwa. Mara ya tatu akapata. Jibu lilikuwa hili: "Fundi ni Mrkvička. Simu hapokei kwa sababu anamkwepa Kadlec. Pita nyuma, gonga dirisha la jikoni, sema umetumwa na dada yake."

Nusu saa baadaye mtu huyo akatuandikia shukrani. Bila kosa hata moja! Bi Zdislava akampa alama ya kwanza, iliyo ya juu kabisa.

Jitu liweze hilo!

Jumamosi, 9 Septemba

Mji mzima unamzungumzia Čmuchal. Kwenye foleni ya mkate nimesikia wanawake wawili wakibishana ni akili gani hiyo. Mmoja alimuuliza wapi auze sungura wake, akaambiwa bei, mnunuzi, na kwamba yule wa madoa asimuuze maana ana mimba. Nilisimama nyuma yao nikiwa mnyenyekevu. Nikakohoa mara mbili ili wanitambue. Hawakunitambua.

Sasa habari tamu kuliko zote. Kila swali huja na namba inayoonyesha limetoka kompyuta ipi. Jana saa tatu likaja hili: "Mke amenuna siku nne, sababu?" Namba ya duka la Škrabal! Mtetezi wa Jitu anakuja kwangu kwa siri!

Nilitaka tumjibu kwa picha ya mbuzi. Mama Drahomíra akakataa katakata, akasema ndoa si jambo la mzaha. Wakamwandikia: "Ulisahau sikukuu ya jina lake kwenye kalenda, Jumatatu. Omba msamaha. Nunua maua, ya kweli, si yale ya plastiki unayouza dukani."

Usiku wa jana baani ulikuwa mtamu. Škrabal amepauka. Alinidhihaki kama kawaida, akaniita Injinia, lakini sauti haikuwa na nguvu. Baadaye akanisogelea na kuniuliza, eti kwa udadisi tu, kama mtambo wangu unaweza kuona watu. Nikamwambia ni siri ya kitaalamu.

Lakini leo limeingia swali lililonigusa. Mwanamke fulani, namba siijui, aliandika: "Mume, miaka 47, anashinda chumba cha kufulia na mipango isiyo na kichwa wala miguu. Atabadilika?" Mama Drahomíra alilisoma, akamwondolea Bi Zdislava mkono kwenye kibodi, akaandika mwenyewe: "Hatabadilika. Lakini hanywi kupita kiasi, hapigi, na viatu anavua mlangoni. Vumilia, binti."

Maskini mwanamke huyo! Ni nani? Nawaza mtaa wa kinu, kule kuna wanaume wa ovyo. Wakati wa chakula cha jioni nilimsimulia Radmila kisa chote, bila kutaja nimekijuaje, nikamwambia ningekuwa mimi ndiye mwanamke huyo ningeshafungasha virago. Akanitazama kwa muda mrefu sana. Kisha akaniongezea nyama.

Ana moyo, mke wangu. Mateso ya wengine yanamgusa.

Jumatatu, 11 Septemba

Msiba. Vita ndani ya mtambo.

Saa nne mtu ameuliza namna ya kutengeneza madonge ya plamu, zile plamu nzima zinazofungwa ndani ya unga na kuchemshwa. Swali la kawaida kabisa, ni msimu wa plamu. Mama Drahomíra akamwambia Bi Zdislava aandike: unga wa viazi. Bi Apolena akasema viazi ni kwa watu wasiojipenda, donge la plamu linatengenezwa kwa jibini laini na si vinginevyo. Mama akasema sasa anaelewa kwa nini marehemu mume wa Apolena alikuwa akila kwa jirani.

Wakanyakua kibodi kwa zamu.

Mteja akapokea majibu mawili. La kwanza: "Viazi. Asiyejua hilo aendelee kupeleka barua." La pili: "Jibini. Na aliyekwambia viazi alikopa sufuria yangu mwaka 1981 na bado anayo."

Bi Apolena akavaa kitambaa chake akaondoka. Mama naye akaondoka, eti hawezi kukaa mahali alipotukanwa. Bi Zdislava akaenda kwa sababu alibaki na koláče zote na hakutaka kusingiziwa.

Siku sita kabla ya shindano, mtambo wangu umekwenda nyumbani kwake. Sehemu tatu, nyumba tatu.

Jumanne, 12 Septemba

Nimeamua kuwa Čmuchal mwenyewe. Ugumu uko wapi? Mimi nami ni mzaliwa wa hapa.

Swali la kwanza: nani anatengeneza kodiani? Nikaandika: nitakujulisha. La pili: kaburi la familia ya Vaculka liko upande gani? Nikaandika: upande wa makaburi. La tatu: basi la kwenda Kyjov leo linapita saa ngapi? Hili nalijua! Saa tano na robo, kituo cha mbele ya ghala. Nimelipanda mimi mwenyewe mara nyingi.

Saa sita nimepita mbele ya ghala. Watu kumi na mmoja wamesimama, na masanduku, na kuku mmoja kapuni. Nikawauliza vipi. Wakasema wanangoja basi, Čmuchal amesema. Bwana mmoja akanyanyua mkono kwa utulivu: lile basi lilifutwa mwaka 1994, anakumbuka vizuri, yeye ndiye aliyekuwa akiliendesha. Nikamuuliza kama ni hivyo kwa nini naye anangoja. Akasema Čmuchal hajawahi kukosea, pengine wamelirudisha.

Nilisimama nao kidogo, kwa heshima. Kisha nikapita nyuma ya ghala na kukimbia.

Jumatano, 13 Septemba

Amani! Na ni mimi niliyeileta, kwa hekima.

Mpango ulikuwa mzuri. Nitapika mwenyewe madonge ya plamu, nusu viazi nusu jibini, niwaite wote mezani, waonje, walie, wakumbatiane. Nimeanza saa mbili asubuhi. Mchanganyiko haukushikana. Nikaongeza unga. Ukashikana na sufuria. Nikaongeza maji. Plamu zikaogelea peke yao. Mwishowe nilipata kitu cha rangi ya zambarau ambacho ukikisukuma kinarudi.

Wamekuja kwa ajili ya heshima tu, kila mmoja akiangalia ukuta wake. Nikapakua. Mama Drahomíra akatazama sahani. Bi Apolena akatazama sahani. Mama akasema polepole, "Apolena, umeona?" Bi Apolena akasema ameona, na kwamba katika miaka thelathini na minane ya kuingia jikoni za watu hajapata kuona. Wakavaa aproni wote wawili, wakanitoa jikoni kwa kunishika mabega. Saa moja baadaye nimewasikia wakicheka. Kuhusu mimi, lakini wakicheka.

Wametengeneza sinia mbili. Ya viazi na ya jibini. Bi Zdislava amezipa zote alama ya kwanza, na yangu akaipa ya tano, ya mwisho kabisa, na chini akaandika "hajitumi".

Uongozi ni kujua lini ushindwe. Mtambo umerudi kazini saa tisa, mara tu baada ya Venezuela.

Jumapili, 17 Septemba

Nitaeleza kwa mpangilio.

Ukumbi wa wazimamoto ulijaa. Bata bukini wa kuokwa, bendi ya matarumbeta, burčák kwenye madumu, ile divai changa ambayo bado inachachuka na baada ya glasi ya nne huchachuka ndani yako. Jukwaani kompyuta mbili na skrini mbili kubwa. Upande wa kushoto Škrabal na Jitu lake. Upande wa kulia mimi. Waya wa simu ulifika hadi chumba cha kufulia, hatua mia mbili kutoka hapo, na huko ndani timu yangu ilikuwa tayari, sinia limejaa.

Meya akaanza. Swali la kwanza: nani anaweza kurekebisha kodiani mjini humu? Jitu: majibu elfu sitini, la kwanza duka moja la Ajentina. Čmuchal akanusa dakika mbili. "Bwana Šťastný, nyumba yenye lango la kijani. Mpe kazi kabla hajaanza kusikiliza mechi." Makofi!

Swali la pili: uyoga umeota wapi wiki hii? Jitu likaleta picha nzuri za uyoga, pamoja na fangasi wa kucha. Čmuchal: "Tunajua lakini hatusemi." Ukumbi mzima ukasimama kwa heshima. Hilo ndilo jibu ambalo kila mmoja wetu angetoa, maana mahali pa uyoga haambiwi mtu! Škrabal naye alipiga makofi, nikamwona, halafu akaficha mikono mfukoni.

Nilikuwa mbele mawili kwa sifuri. Radmila alikuwa safu ya tatu. Nilimkonyeza. Alikuwa amekuja na koti jeupe, amelikunja mapajani, lakini nilimwona analifunika kwa mkoba. Alianza kuamini!

Hapo ndipo Mheshimiwa Otradovec, glasi ya tano mkononi, akasema la mwisho ataliandika mwenyewe. Akaandika jina lake.

Jitu: hakuna linalolingana. Watu wakacheka, meya akacheka zaidi. Akageukia skrini yangu, akanyoosha tai.

Čmuchal alinusa kidogo tu. "Otradovec Hynek. Alikula chaki mpaka darasa la tatu. Hesabu alinakili kwa Škrabal. Mwaka 1998 aliahidi taa mtaa wa kinu. Mtaa wa kinu bado unatumia tochi."

Kicheko kilichotoka hapo kilimwangusha mpiga tarumbeta. Meya akawa rangi ya plamu. Lakini ni mwanasiasa. Akainua mkono, akasema utani mzuri sana, sasa tumuulize mtambo upande wa pili. Akaandika, kwa herufi kubwa na mkato mahali pake: "Hynek Otradovec, mema aliyoutendea mji."

Čmuchal ananusa...

Dakika moja. Mbili. Bendi ikapiga wimbo mfupi ili kujaza. Dakika ya tano watu wakaanza kumtazama meya kwa huruma. Nilijua kinachoendelea kule: wanajadiliana kwa haki, hawataki kusema uongo. Dakika ya nane maneno yakaanza kutokea. Na Bi Zdislava, ambaye kwa miaka arobaini aliandikisha imla na hajawahi kuruka neno, aliandika kila alichosikia:

"Apolena, fikiria basi. Nafikiria. Daraja je? Daraja lilijengwa na yule wa kabla yake. Basi yule mbwa. Mbwa gani? Aliyemtoa kisimani. Yule mbwa alitoka mwenyewe, Drahomíra, nilikuwepo. Lakini alikuwa mtoto mzuri, alikuwa akisalimia. Hilo kweli. Andika alikuwa akisalimia. Kuna koláče ya jibini imebaki?"

Ungeweza kusikia burčák inavyochachuka.

Kisha sauti kutoka nyuma, "Jamani! Huo si mtambo, ni Bi Drahomíra!"

Nilifunga macho. Nilingoja kupigwa na mifupa ya bata. Nikasikia viti vikisukumwa, miguu, mlango. Nilipofumbua, ukumbi ulikuwa mtupu. Wamekwenda wote, sahani mikononi, kuelekea chumba cha kufulia!

Nikakimbia nyuma yao kuwatetea vikongwe wangu. Hakukuwa na cha kutetea. Pazia limepandishwa, dirisha liko wazi, na foleni inafika barabarani. Wa kwanza alikuwa Škrabal na mkewe, wameshikana mikono. Alitaka kushukuru kwa ushauri wa maua, na kuuliza kuhusu mama yake. Watu wanauliza, wanajibiwa papo hapo, mdomo kwa mdomo. Bi Zdislava hata kompyuta ameizima, eti ilikuwa inawachelewesha.

Nikajipenyeza hadi dirishani. Nikatangaza kwamba mimi ndiye mwanzilishi. Mama Drahomíra akasema, "Mkwe, sogea kidogo, unaziba dirisha."

Meya alipita saa kumi, hana furaha. Ameweka Jitu kwenye kompyuta zote nne za maktaba. Amesema Jitu halimjui kabisa, na hiyo ndiyo sifa anayoitafuta.

Nilirudi nyumbani na Radmila kwa miguu. Alikuwa amecheka mpaka machozi yamemchora mashavu. Nikasema nilikuwa naongoza mawili kwa sifuri. Akasema anajua, aliona. Akanishika mkono, jambo ambalo hajalifanya barabarani tangu mwaka wa konokono. Kisha akanivalisha koti pale pale chini ya mti wa barabarani, akafunga vifungo vyote, akarudi hatua moja kutazama.

Akasema limenikaa vizuri. Kusema kweli limenikaa.

Jumatatu, 18 Septemba

Kiwandani. Vifuniko elfu nne na mia mbili. Viwili vibovu. Msimamizi ameniambia nina jicho. Radmila amepika madonge ya plamu, ya viazi, nikala kumi na manne. Nina usingizi mzito. Nadhani hivi ndivyo watu wengine wanavyoishi.

Jumatano, 20 Septemba

Asubuhi tulivu hadi saa tatu, lilipoingia lori la siki limepakwa matope hadi kwenye vioo. Dereva Mpoland, karibu kulia. Ana kile kisanduku kipya cha ng'ambo kinachosema na mbinguni na kukuelekeza njia. Kimemwongoza kwa upole kabisa hadi katikati ya shamba la viazisukari, kikamwambia amefika.

Nikasimama na kifuniko mkononi.

Setilaiti! Maelfu ya maili juu angani! Itajuaje Zábludov? Na hapa hapa, nyumba ya pili kutoka kiwandani, anakaa Mzee Cyril, aliyeendesha trekta la ushirika miaka arobaini. Ana simu. Hana kazi. Kila njia anaijua hata gizani. Dereva anapiga, Mzee anamwelekeza, basi! Hakuna programu, hakuna cha kuharibika!

Saa sita nimeongea na msimamizi. Nimemrudishia koti likiwa limekunjwa. Amesema ni hasara, nilikuwa na jicho. Radmila bado hajui. Nitamweleza akishakula.

Saa nane Mzee Cyril amekaa jikoni kwake, simu sikioni, na mteja wetu wa kwanza yuko hewani: gari la mizigo kutoka Ostrava. Mimi nimeandika jina la kampuni juu ya sanduku la chai. Dereva anasema anaona maji mbele. Mzee anasema hiyo ndiyo njia yenyewe, aendelee. Dereva anasema maji yamefika mlangoni. Mzee amenitazama, akaziba simu kwa kiganja, akaniuliza kwa sauti ya chini bwawa la samaki walilichimba mwaka gani.

Nimemwambia amwambie apinde kulia.